Kiti Kimoja Chumba cha Pasi

"Nani kakirudisha hiki kiti humu?"

Meneja alisimama katikati ya chumba cha pasi, mvuke umetanda, uso kaukunja. Kwenye kiti alikaa mpiga pasi mkongwe wa hoteli ile, waliyemwita wote Mama Mdogo, miguu imemvimba hadi viatu havimwingii. Alijaribu kunyanyuka, akashindwa.

Dada aliyekuwa akipiga pasi pembeni yake akamtazama mchumba wake, akingoja aseme kweli. Mchumba mwenyewe ndiye msimamizi mpya wa chumba, shati jeupe, kalamu mfukoni. Juzi tu alikuwa mpiga pasi kama wao, kila jioni analalamika mgongo. Alipopewa cheo, kazi yake ya kwanza ikawa kuvitoa viti vyote, eti wageni wasipite wakaona wafanyakazi wamekaa. Viti hivyohivyo alivyovikalia yeye. Kisha kwa siri akamrudishia mpenzi wake kimoja, akamnong'oneza akikalie meneja akiwa hayupo. Alidhani hayo ndiyo mapenzi. Dada hakukikalia hata mara moja, akampa Mama Mdogo.

Sasa msimamizi alikohoa kidogo.

"Ni huyu, bosi," akasema, akimnyooshea kidole mchumba wake. "Nilishamkanya, hasikii."

Hivi mtu mzima na akili zake anaweza kusema hivyo? Alisema. Na wala hakupepesa macho.

Dada akafukuzwa kazi palepale. Hakujitetea. Alizima pasi, akamsaidia Mama Mdogo kusimama, akatoka.

Jioni simu yake haikutulia. Kwanza ujumbe: "Nisamehe mpenzi, nilibanwa." Halafu mwingine: "Ningepoteza cheo, hiyo harusi tungeifanya kwa hela zipi?" Mwishowe akapiga, dada akapokea.

"Nilifanya vile kwa ajili yetu," mwanaume akasema.

"Yetu sisi nani? Mimi sina kazi, mama wa watu kasimama na miguu yake ile, wewe umebaki na shati lako."

"Nitaongea na meneja taratibu. Nipe muda."

"Leo alikuwa mbele yako."

Kwa sauti ndogo mwanaume akauliza sasa atamwambia nini mama yake, na ndugu wote wameshaalikwa.

Dada alikuwa analia, maana alimpenda kwa moyo wote. Lakini sauti yake haikutetereka.

"Mwambie harusi haipo," akasema. "Na akikuuliza nani kaivunja, safari hii usininyooshee mimi kidole."