Sayari Ambayo Ketsia Hakuiona

Kila asubuhi kabla ya shule, Ketsia alianika ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga wa ufukwe wa Baraka pamoja na nyanya yake, Koko Rosette. Redio yao ndogo ilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Majirani walitafuta muziki. Koko alitafuta habari, kwa sababu alikuwa amechoka kudanganywa. Ndivyo Jumatatu moja Ketsia alivyosikia jambo lililomfanya asimame wima, ndagala mikononi.

Mtangazaji alisema kuwa nyota nyingine nazo zina sayari zao, kama jua letu lilivyo na zake. Baadhi ni majitu, makubwa kama Jupita au zaidi. Nyingi hakuna aliyeziona kwa macho, maana mwanga wa nyota huzifunika. Wataalamu huzitambua kwa dalili. Sayari nzito huivuta nyota yake, nayo nyota huyumba kidogo. Hapo wanakadiria uzito. Sayari ikipita mbele ya nyota, mwanga hupungua kidogo. Hapo wanakadiria ukubwa. Dalili moja peke yake huweza kudanganya, kwani mwanga hufifia hata kwa madoa ya nyota yenyewe. Zikikubaliana mbili tatu, jitu limepatikana.

Siku hiyohiyo Mwalimu Norbert wa darasa la sita alitoa insha: "Jambo jipya nililojifunza." Ketsia akajaza kurasa mbili. Alhamisi daftari lilirudi na neno moja jekundu lililokata ukurasa mzima: UONGO. Chini yake, sifuri.

"Simama," mwalimu alisema. "Sayari hiyo uliiona wapi?"

"Sikuiona, Mwalimu. Hata wao wenyewe..."

"Hata wao hawakuiona! Mmesikia? Kitabu changu kina sayari tisa, zote za jua letu. Hii ya kumi Ketsia ameivua ziwani!"

Darasa likaangua kicheko. Bertin, mtoto wa mvuvi, alicheka kuwashinda wote. "We Ketsia, sayari yako iko na miiba?"

"Jumamosi, mbele ya bendera," mwalimu akamalizia, "utaomba radhi shule nzima kwa uongo huu. Ukikataa, usirudi darasani kwangu."

Haya, tuseme wazi. Mtoto amesikiliza, ameelewa, ameandika, na anayeadhibiwa ni yeye! Kitabu kilichochakaa hakiadhibiwi. Aliyekileta huku na kutuacha nacho miaka yote hii haulizwi.

Nyumbani, Ketsia alilitupa daftari kitandani, akaeleza yote huku akilia. Koko Rosette aliwaka.

"Mwongo! Jina hilo sisi tunalijua. Tulipowazika watu wetu wakati wa vita, walikuja wageni na makaratasi, wakasema hesabu yetu ya waliokufa si kweli, eti shahidi mmoja hatoshi. Tukaleta wa pili, wa tatu, wa kumi, kila mmoja na alichokiona yeye. Ndipo wakanyamaza. Mimi sijasahau." Akavuta pumzi. "Lete daftari. Nisomee yote."

Ketsia alisoma. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili, sauti yake ikashuka.

"Rudia hapo."

"'Sayari hiyo ni ya buluu, na ina ziwa zuri kama letu.'"

"Redio ilisema hivyo? Mimi nilikuwepo, Ketsia."

"Hapana, Koko. Nilitaka tu ipendeze."

"Ee! Basi umempa fimbo ya kukupigia. Jumamosi sentensi hiyo utaiondoa kwa kinywa chako mwenyewe. Hiyo tu! Iliyobaki usiwaachie hata herufi moja."

Jumamosi shule nzima ilijipanga. Mama Godelieve, mkurugenzi wa shule, alisimama karibu na bendera. Ketsia akasogea mbele na daftari lake.

"Ninaomba radhi," alisema, na Mwalimu Norbert akaitikia kwa kichwa, ameridhika, "kwa sentensi moja. Niliandika kwamba sayari ni ya buluu na ina ziwa. Hiyo niliitunga. Kwa mengine siombi radhi, kwa sababu ni kweli."

"Ujeuri huu!" mwalimu alifoka.

"Mwache aseme," Mama Godelieve alisema.

Ketsia akamgeukia Bertin. "Baba yako akiwa ziwani usiku, wewe uko ufukweni, unaona nini?"

"Taa ya mutumbwi tu. Kwingine kote iko giza."

"Taa ikififia?"

"Mutumbwi mwingine umepita mbele yake."

"Au betri inakwisha!" Mwalimu Norbert aliropoka, maana naye alizaliwa kwa wavuvi, kule Mboko ufukweni. "Mara ngapi tulikimbia na mabeseni, tukidhani mtumbwi wa kubeba ndagala umefika, kumbe betri!"

Watoto wakacheka. Ketsia hakucheka.

"Dalili moja iliwadanganya, Mwalimu. Je, taa ikififia, na tena ikiyumba?"

Mwalimu alifungua kinywa, lakini Bertin alimtangulia. "Hapo mutumbwi uko! Umefungwa kwa ule wa taa, wanapakia ndagala, uzito unauvuta. Batu wote banakimbia na mabeseni!"

"Umeuona kwa macho?"

"Sijauona, lakini uko!" Bertin akajiziba mdomo, amechelewa.

Mama Godelieve aliomba kitabu cha mwalimu, akafungua ukurasa wa kwanza. "Kimechapwa mwaka 1984. Mwalimu, wewe ulizaliwa lini?"

"Themanini na tisa, Mama."

"Basi kimekutangulia duniani. Sayari za nyota nyingine zilianza kutambuliwa baada ya hapo. Kingezijuaje?"

Mwalimu Norbert alilichukua daftari mikononi mwa Ketsia. Kisha akatoa kalamu nyekundu, akalikata lile neno kubwa, akapiga mstari chini ya sentensi ya ziwa peke yake.

"Nilikuita mwongo bila kukuuliza hata swali la pili," alisema, mbele ya wote. "Nisamehe, mwanangu. Kumi na sita kwa ishirini. Ziwa lako la buluu limekula nne."

Mama Godelieve alipandisha sauti hadi safu ya nyuma. "Sikilizeni, wanafunzi, na ninyi walimu. Anayetaka kuaminiwa asiongeze hata tone ambalo hakulipata. Na anayetaka kumwita mwenzake mwongo akusanye kwanza dalili zaidi ya moja. Sisi watu wa huku tumehukumiwa kwa dalili moja mara nyingi mno. Tusiwafanyie hivyo watoto wetu. Na hiki kitabu," alikipiga kwa kiganja, vumbi likaruka, "Jumatatu ninakipeleka mwenyewe kwa wakubwa wanaotugawia vitabu. Nitawauliza wanadhani sisi tunaishi mwaka gani."