Kopo Chini ya Gari

Kila asubuhi baba alimpeleka Kipusa shuleni kwa gari lao kuukuu, na kila asubuhi Kipusa aliomba ashushwe mbali na lango. Bomba la moshi lilikuwa limetoboka, na gari lilinguruma hata watu wakaziba masikio.

"Trekta hilo! Shikeni majembe, tukalime!" wenzake walimkejeli.

Jioni moja baba alilipeleka gari gereji. Fundi alikata kopo la maziwa, akalizungushia penye tundu, akalikaza kwa waya. Ngurumo ikakoma. Baba alipovuka barabara kununua oili, fundi alimwita Kipusa.

"Mwanangu, hapa nimenyamazisha kelele tu, sijaponya ugonjwa. Injini inapochoma mafuta hutoa moshi wenye sumu. Bomba huupokea moshi huo, likaupitisha chini ya gari hadi kwenye sailensa inayomeza kelele, kisha likautoa nyuma, mbali na pua za watu. Likivuja katikati, moshi hupanda ndani kupitia sakafu hii iliyooza. Na sumu yenyewe haina rangi wala harufu. Mwambie baba asipakie mtu mpaka nilete bomba jipya kesho kutwa."

"Nitamwambia, fundi."

Fundi akajitosa chini ya lori lililokuwa likimsubiri. Baba aliporudi, Kipusa hakumwambia neno. Angesema, kesho angekwenda shule kwa miguu. Na kesho ndiyo siku aliyotamani kushuka langoni kichwa juu.

Kulipopambazuka, mvua ilimwagika. Bibi, aliyemfundisha Kipusa kusoma tangu herufi ya kwanza, alikuwa akipelekwa kliniki ya macho. Aliketi nyuma, Kipusa mbele na baba, vioo vyote vimefungwa. Foleni ikawanasa, injini ikiunguruma pale pale.

"Kichwa kinanigonga, mwanangu," bibi alilalamika.

"Ni baridi hii, mama. Jifunike vizuri."

Kichwa cha Kipusa nacho kilikuwa kizito. Alifumbua kinywa aseme, akakumbuka trekta, akakifumba.

"Mtazame bibi yako," baba alicheka baadaye. "Amelala kama kitoto kichanga!"

Lakini walipomwamsha, bibi hakuamka. Baba aligeuza gari, akakimbilia hospitali.

"Alikula nini? Alianguka?" daktari aliuliza. Baba alitikisa kichwa, hajui.

"Ni moshi, daktari!" Kipusa aliangua kilio. "Fundi aliniambia, nami nikaficha!"

"Oksijeni, upesi!" daktari aliwaamuru wauguzi. "Sumu hiyo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni."

Jioni bibi alifumbua macho. Alimtazama Kipusa kwa upole mwingi.

"Binti mzuri," alisema. "Mtoto wa nani huyu?"

Daktari alisema huenda kumbukumbu zikarudi, huenda zisirudi. Hilo analijua Mwenyezi Mungu.

Fundi alifunga bomba jipya, akaziba na sakafu. Gari lilikwenda kimya hadi langoni, wala hakuna mwanafunzi aliyegeuka. Kipusa hakushuka.

"Baba, nisamehe."

Baba alizima injini, akamgeukia.

"Kosa ni langu pia. Niliposikia kimya, nilidhani ni uzima, wala sikumwuliza fundi. Lakini wewe ulijua. Jambo linalogusa uhai wa watu halifichwi kwa kuogopa kuchekwa, mwanangu. Ulipomwambia daktari, ulimwokoa bibi yako. Ungeniambia mimi jioni ile, leo angekujua."