Miisho Aliyoikata Fundi

Sogeeni. Wewe uliye mlangoni, rudishia huo mlango uje ukae na wenzako. Mwenye kikohozi akohoe sasa akimalize. Mwenye televisheni aizime, tena aitoe na waya ukutani, mbele mtajua kwa nini. Na wewe mcheshi wa nyuma, mzaha wako uweke chini ya kiti, utaukuta tukimaliza. Kimya. Haya.

Ninayemsimulia ni mtoto wa mdogo wangu, msichana niliyembeba mgongoni mwenyewe. Watu walimwita Fundi Kanda. Kibanda chake kilikuwa katikati ya kinyozi na mshona viatu, na kazi yake ilikuwa kuhamisha. Unampelekea kanda zako za zamani za video, harusi ya wazazi, mazishi ya babu, yeye anazicheza kwenye deki, waya unaingia kwenye kompyuta, na harusi iliyojaza sanduku zima inatoka imelala ndani ya flashi ndogo kuliko kidole.

"Nawapa wafu wenu miguu," alizoea kuwatania wateja.

Utani huo siku hizi hautoi.

Sasa, alikuwa na mjomba mtu wa mazingaombwe. Jukwaani alijiita Mikono Mitupu. Na mzee huyo alikuwa na desturi moja: kila mchezo, hata ule mdogo wa kutoa sarafu sikioni mwa mtoto, lazima aufunge. Atakunja mikono ya shati. Ataonyesha viganja. Atageuza aonyeshe upande wa pili. Kisha atapiga meza kwa mikono yote miwili na kusema, "Kilichotoka kimerudi." Chakula kipoe, mgeni achoke kubisha hodi, hainuki mezani mpaka afunge. Sisi tulidhani ni madaha tu.

Uzeeni aliazima kamera akajifungia chumbani na mkewe, akarekodi mafunzo yake yote, mchezo baada ya mchezo, akieleza taratibu kama anaongea na mwanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe hakuwapo. Fundi, enzi hizo binti mdogo, alimwomba sana amfundishe. Mzee alimshika vidole, akavitazama kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akaviachia.

"Mikono ya kike haitulii. Kanda zitaoza humu humu chumbani kabla sijampa mwanamke."

Alisema hivyo mkewe akiwa amesimama pale pale. Na mkewe ndiye aliyekuwa akiingia kabatini kila onyesho, mlango ukifungwa na kufunguliwa hayumo, watu wakipiga mayowe, kisha anarudi akitabasamu. Ujana wake wote uliishia kwenye kabati lile.

Mzee akafa. Mjane akazeeka peke yake, magoti yakakataa ngazi, na binti yake akaamua kumchukua akakae naye. Nafasi huko ilikuwa ndogo, begi moja na kiti chake basi. Bibi yule hakulilia vyombo wala kitanda. Alimwita Fundi, mpwa wa marehemu mumewe.

"Mwanangu, nataka kanda za mjomba wako. Uziweke kwenye hiki." Akatoa kifuani flashi ndogo aliyokwisha kuitungia uzi. "Nitaivaa shingoni. Nikimtaka namtazama, nikimchoka namvua."

"Mkaza mjomba, hii ni ndogo. Nitakupa kubwa."

"Nimeshaitungia uzi."

Basi, ubishi ukaishia hapo.

Mtu wa pekee aliyepinga alikuwa mjomba mdogo, mdogo wake marehemu, mzee wa suruali ya kupanda na maneno ya kushuka. Alikuja akasimama mlangoni mwa kile chumba, mikono kiunoni.

"Kanda hazitoki humu. Kaka alikataza."

"Kaka yako alisema mengi, shemeji," akasema mjane. "Siku aliyokufa alisema anarudi kula."

"Na hazitoki, mjomba," Fundi akadakia, anafungua mzigo wa waya. "Zitabaki papo hapo kwenye rafu. Natoa picha tu."

"Umekuwa wakili siku hizi?"

"Wakili anavaa tai. Mimi nina waya. Hebu nipishe nipate soketi."

Akafanyia kazi mle mle chumbani. Na kweli, flashi ikajaa mafunzo yakiwa bado mengi. Fundi akafanya anavyofanya kwenye harusi za watu, pale wageni wanapotafuta viatu: akatafuta cha kukata. Akaona kila funzo linaisha vile vile. Shati, viganja, meza, kilichotoka kimerudi. Shati, viganja, meza. Akaikata miisho yote. Na msidhani ilikuwa nafasi tu. Kila alipokata, moyo wake ulipata kaburudisho kidogo.

"Madaha yako baki nayo humu, mjomba," akaiambia skrini. "Mimi nachukua ujuzi."

Zikaenea. Zikatosha vizuri hata nafasi ikabaki.

Wakakaa kuzitazama sebuleni, mchana kweupe, mapazia wazi, nguo za jirani zikipepea kwenye kamba. Mjane kwenye kiti chake, kandambili miguuni. Nyuma yake limesimama lile kabati la maonyesho, ambalo sasa lilikuwa la mashuka. Fundi akachomeka flashi kwenye televisheni.

Funzo la kwanza lilikuwa la pete. Mzee akatokea, akatabasamu, mkono wa mkewe ukaingia pembeni mwa picha, akauvua pete. Akaifumba ngumini. Akapuliza. Akafumbua, hamna. Hapo picha ikakatika, likaanza funzo lingine.

"Ehee, bado mtanashati," mjane akacheka, akajipiga paja. Kisha akautazama mkono wake. "Mwanangu. Pete yangu iko wapi?"

Wakainua mito. Wakapapasa chini ya kiti. Kidoleni palibaki alama nyeupe tu, ya mahali ambapo jua halijafika tangu ndoa.

Kwenye skrini mzee alikuwa anavuta kitambaa. Akakikunja, akakikunja tena, kikaisha mkononi. Picha ikakatika.

Fundi akageukia meza ndogo. Kitambaa cha meza hakikuwapo. Glasi ya maji ilikuwa pale pale juu ya mbao tupu. Maji hayakutikisika.

"Zima," mjane akanong'ona.

Fundi akabonyeza rimoti. Haikuzima. Akachomoa flashi. Mzee akaendelea kufundisha. Akaufuata waya wa umeme ukutani, akaung'oa.

Funzo la kabati likaanza.

Mzee akafungua mlango. Mkewe akaingia, na gauni lile lile la maonyesho, na tabasamu lile lile la kazi. Mlango ukafungwa. Mzee akalizungusha kabati. Akafungua. Tupu. Hapo ndipo palipokuwa na mwisho, na mwisho haukuwapo. Picha haikukatika safari hii. Ilibaki hivyo. Kabati wazi. Tupu.

Fundi akageuka.

Kiti kilikuwa kitupu. Chini, kandambili mbili zimepangana, kama za mtu aliyeinua miguu sakafu ipigwe deki. Akazigusa. Zilikuwa na joto.

"Mkaza mjomba?"

Sauti ikatoka ndani ya kabati la mashuka. Ndogo. Ya mbali kuliko urefu wa kabati.

"Usifungue, mwanangu."

"Uko wapi?"

"Pale nilipokuwa nakuja kila onyesho. Nilikuwa nimepasahau. Alinikataza kupakumbuka. Usifungue. Yuko nyuma yangu. Anapapasa. Anatafuta mwisho wake."

Mjomba mdogo alikuwa amefika kwa kusikia viti vikiburutwa. Alitazama kiti, akatazama televisheni inayowaka na waya wake chini, uso ukamshuka. Akaiona flashi sakafuni. Akainua kisigino.

"Nilisema! Nilisema mimi!"

"Kanyaga," Fundi akamwambia, bila kupaza sauti. "Kanyaga, umkanyage na shemeji yako aliyemo."

Kisigino kikabaki hewani. Mjomba mdogo akashika fremu ya mlango, akaketi chini taratibu kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Fundi akakimbilia chumbani. Kanda ya kabati ilikuwa bado ndani ya deki. Akaipeleka mbele mpaka mwisho, ule aliokuwa ameukata. Meza ilikuwapo. Pazia lilikuwapo. Mjomba hakuwapo. Akaweka kanda nyingine, na nyingine. Miishoni mote, meza peke yake. Nani atafunga, naye katoka?

Aliporudi sebuleni, picha ilikuwa imebadilika.

Vidole vilikuwa vimeingia kutoka pembeni mwa skrini. Vya kizee. Vimeshika mlango wa lile kabati tupu. Vinausukuma. Polepole.

"Mwanangu," kabati likanong'ona. "Mlango unajifunga. Huku pumzi zinakuwa fupi."

Akaivuta meza mpaka mbele ya televisheni. Glasi ikaanguka ikavunjika, hakuitazama. Akaanza kukunja mikono ya blauzi.

Mkono mmoja kwenye skrini ukauachia mlango. Ukanyoosha kidole. Ukakitikisa. Hapana.

Hapo, nawaambia, wengine wote tungepiga magoti. Tungeomba radhi, tungelia, tungeahidi kuzichoma kanda zote. Mtoto wa mdogo wangu alikamilisha kukunja mkono wa pili.

"Mjomba, ulininyima ukiwa hai nikakuheshimu. Sasa umekufa, huna kura. Miisho yako nimeikata mmoja mmoja, kwa hiyo nimeitazama mmoja mmoja. Nani mwingine anaijua? Huyo mdogo wako aliyekaa sakafuni? Mkeo umempoteza ujana wake wote, na leo unataka kumpoteza moja kwa moja kwa sababu ya vidole vyangu? Vitazame basi."

Akaonyesha viganja.

Baridi ikamshika vifundo vya mikono. Kitu kilikuwa kinamkunja vidole, kimoja kimoja, kwa nguvu, kama unavyomkunja mtoto ngumi. Akavinyoosha. Vikakunjwa. Akavinyoosha tena, meno yamekazwa, machozi yanamtoka kwa maumivu, siyo kwa woga, na mkimwambia ni woga atawafukuza. Akageuza mikono. Akapiga meza.

"Kilichotoka kimerudi!"

Hiyo ya pete. Pete ikalia mahali fulani ndani ya kabati, kama imeanguka kwenye sahani.

Akarudia kwa kitambaa. Viganja. Upande wa pili. Meza. Sauti imekauka. Kwenye skrini mlango umebaki upenyo wa kupitisha karatasi.

Akarudia kwa kabati.

Kabla hajapiga, kidole kizee kikagusa kioo cha televisheni kwa ndani. Tik. Tik.

"Ukitaka kujifunza," Fundi akasema, "kaa utazame."

Akapiga.

Televisheni ikazima. Sebule ikatulia. Nje, nguo za jirani zikipepea. Kisha mlango wa kabati ukafunguka, akatoka mjane, mashuka begani, ananuka vumbi, amekasirika.

"Nani kavunja glasi yangu?"

Mjomba mdogo akaangua kilio.

Walimketisha, wakampa maji kwenye kikombe. Akakipokea kwa mkono wa kushoto. Maisha yake yote alikuwa wa kulia. Na pete alikuwa nayo, ila kwenye mkono mwingine, na chunjua ya shavuni ilikuwa imehamia shavu la pili. Alipoulizwa huko aliona nini, alijibu neno moja tu, "Viti." Hakuongeza.

Fundi, kwa kuwa ndivyo alivyo, aliifungua tena flashi kesho yake, mlango wazi na redio inaimba. Kila funzo lilikuwa na mwisho. Mzee anafundisha vizuri, kisha picha inabadilika, mikono inakuja kufunga. Siyo ya mzee. Ni myembamba, na kwenye kidole gumba cha kulia pana kovu alilopata Fundi kwa chuma cha kuchomelea waya. Sebuleni siku ile hapakuwa na kamera. Na ukitazama ukingoni mwa meza, upande wa giza, kuna mkono wa tatu, wa kizee, unafuatisha. Unakosea. Unaanza upya.

Mjane aliivaa ile flashi shingoni mpaka alipofariki, usingizini, kwenye kiti chake, kandambili miguuni. Binti yake alirithi kiti na pete. Kiti anakalia. Pete haivai, anasema kila akiishika ina joto la kidole, kama imevuliwa sasa hivi. Mjomba mdogo alirithi deki na kanda zote, ambazo zimegeuka tupu, na amezifunika kwa blanketi, ingawa hajui anazikinga baridi gani. Kabati halikupata mrithi. Seremala alilivunja, akakuta ndani yake kitambaa cha meza, kimekunjwa, kimelowa maji.

Flashi alirithi Fundi. Wapo waliomwambia aitupe mbali, tena kwa heshima. Yeye anatembea nayo, na kila anapofika hukusanya mabinti wa mtaa huo, waliokatazwa kwao na wasiokatazwa, akawafundisha pete, kitambaa na sarafu. Wakifika mwisho wanakunja mikono, wanaonyesha viganja, wanapiga meza wote pamoja kishindo kimoja.

Kisha, nyuma yao, kinakuja kingine. Kimechelewa kidogo.

Mabinti hugeuka. Fundi hageuki.

"Tena, mjomba," husema. "Hujaiva bado."