Tairi Nane za Mnadani

Jina langu ni Noelene. Nimefunga tairi za magari kwa miaka ishirini na miwili, katika gereji ya hapa Withcott, chini ya mlima unaopandwa kwenda mji wa Toowoomba. Mgongo wangu umechoka, lakini macho bado yanaona. Hadithi hii ni ya jirani zangu, akina Pascoe. Ni yangu pia, na sehemu yangu si nzuri.

Kila Jumamosi asubuhi Merv Pascoe hufungua banda lake la mabati. Huwasha redio asikilize kriketi, kisha hulisugua gari lake, Falcon jeupe lenye injini kubwa. Mkewe, Jeanette, humletea chai na mkate wa kuchoma. Binti yao, Tegan, hupita kimya kwenda kuanika nguo.

Zamani walikuwa wanne. Corey, kaka yake Tegan, alikufa mwezi wa pili mwaka jana. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona ya mwisho ya mlima, gari la mbele lilisimama ghafla. Corey alifunga breki, gari lake likateleza likaenda kugonga mkaratusi. Tegan alikuwa amekaa pembeni yake. Alitoka na mguu uliovunjika, na mpaka leo anachechemea.

Siku ya mazishi Merv alisimama kanisani mbele ya watu mia mbili. Alisema, "Nilimpenda mwanangu. Lakini mguu wake ulikuwa mzito. Spidi imemuua."

Tegan alikuwa hospitali. Alipoambiwa maneno hayo alilia kwa hasira.

"Hakukimbia, Baba. Tulikuwa kwenye sitini. Kibao cha pale kinaruhusu sitini."

"Uliumia kichwa," Merv alimjibu. "Huwezi kukumbuka."

Tangu siku hiyo baba na binti walizungumza mambo madogo tu, ya chumvi na funguo.

Mwezi wa kumi na moja Tegan alipata kazi ya kutunza wazee, juu mlimani. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na saa hizo hakuna basi. Merv alimwambia, "Chukua Falcon." Huyo ni mtu ambaye hakumruhusu hata mkewe kuegemea gari lile. Niliposikia nilifurahi. Nilidhani wamepatana.

Lakini tairi za Falcon zilikuwa zimekwisha, mbili za nyuma zikiwa kipara kabisa. Jumamosi iliyofuata nikasikia kelele kutoka bandani.

"Sizitaki!"

"Ni mpya! Hazijawahi kugusa lami. Tazama, bado zina ndevu!"

Ndevu ni vile vinyweleo vya mpira vinavyosimama kwenye tairi ambalo bado halijatembea.

"Baba, hizo ni zile zile za Corey."

"Corey hakuuawa na tairi. Corey aliuawa na mguu wake."

Kisha Tegan akaja kwenye uzio, anachechemea, macho mekundu.

"Shangazi Noelene, njoo. Mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Nilikwenda shingo upande, kwa sababu tairi zile nilizijua. Huku kwetu, mara mbili kwa mwaka, kuna mnada wa vipuri kwenye uwanja wa maonyesho. Watu hufika alfajiri na tochi, wakitafuta vitu kwenye nyasi. Mwanzoni mwa mwaka jana Merv alimkuta mzee mmoja anauza vitu vya bandani kwake. Akanunua tairi nane kwa bei ya mbili. Tairi pana, za magari ya spidi, zenye jina kubwa. Alipita mbele ya nyumba yangu akipiga honi.

"Noelene! Gereji yenu mtaifunga mwaka huu!"

Nne alimpa Corey, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Nne aliziweka darini mwa banda.

Niliuona ule mpira siku ile. Rangi yake ilikuwa ya kijivu kidogo. Nilitaka kumwambia aangalie umri wake. Lakini huku kwetu mtu hamkosoi mwenzake kwa kitu alichopata mnadani. Unauliza bei, kisha unapiga mluzi wa kumsifu. Nikauliza bei. Nikapiga mluzi. Wiki tatu baadaye Corey akafa.

Niliingia bandani. Merv alikuwa ameshika spana.

"Karibu, daktari wa tairi," akasema kwa kejeli. "Umeitwa kutoa hukumu?"

"Nimeitwa kuangalia. Bonyeza ukucha kwenye huo mpira."

"Nini?"

"Ukucha wako, Merv. Bonyeza kwa nguvu."

Akabonyeza. Ukucha haukuingia hata kidogo.

"Sasa nenda kabonyeze tairi la pikapu yangu."

Akaenda huku ananung'unika. Aliporudi hakuwa na kejeli tena. "Lako linaingia," akasema.

"Langu lina miezi minne."

"Lakini haya meno yamejaa! Hata milimita moja haijalika!"

"Meno yanatoa maji chini ya tairi. Kinachoshika lami ni mpira wenyewe, na mpira unazeeka hata ukiwa umelala darini. Joto la bati hili linauzeesha upesi zaidi. Tairi la spidi linashika kwa sababu mpira wake ni laini. Ukishakuwa mgumu, umebaki na jina tu."

"Nani kasema ni za zamani?"

"Zenyewe zinasema. Geuza upande wa ndani. Tafuta tarakimu nne ndani ya alama ndogo kama yai."

Merv alilifuta tairi kwa kidole chenye mate. "Mbili, tatu, moja, sifuri."

"Mbili za kwanza ni wiki. Mbili za mwisho ni mwaka."

Alihesabu midomo ikicheza. "Wiki ya ishirini na tatu. Mwaka elfu mbili na kumi."

"Nilikuwa na miaka saba," Tegan akasema taratibu.

"Labda ni hili moja tu," Merv akasema. Akageuza la pili, la tatu, la nne. Zote zilikuwa na namba ile ile.

Kisha akatoka nje, akazunguka nyuma ya banda. Tukamfuata. Pale kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Lilikuwa gurudumu la gari la Corey. Merv alikuwa amelichukua kutoka kwenye mabaki ya ajali. Mara nyingi, kupitia dirisha la jikoni kwangu, nilimwona amekaa kando yake, anaangalia chini tu.

Akalilaza. Akafuta tope kwa mkono wa shati lake.

"Mbili, tatu, moja, sifuri," akasema.

Alikaa chini kwenye nyasi. Akaniangalia.

"Uliziona siku nilipozileta?"

"Niliziona."

"Ulijua?"

"Nilishuku."

"Ukapiga mluzi."

"Nikapiga mluzi, Merv."

Nilingoja anitukane, lakini hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Hakuna anayeweza kuapa ni tairi peke yake," nikamwambia. "Lakini kwa sitini, pale, tairi nzuri zingewapa nafasi ya kusimama."

Akamgeukia binti yake. "Mlikuwa kwenye spidi ngapi?"

"Sitini. Nilikwambia."

"Uliniambia," akasema.

Jeanette alikuwa amesimama nyuma yetu na sinia ya chai.

"Na kanisani ulisemaje, Merv? Watu mia mbili walikusikia. Mwanangu amelala kaburini na jina baya."

Merv akalifunika tena lile gurudumu. Nami nilirudi nyumbani.

Jumatatu Merv na Tegan walikuja gerejini wote wawili. Tegan alinieleza shida yake waziwazi. "Nataka zinazosimama kwenye mvua. Na mshahara wangu si wa daktari."

Niliweka tairi za aina tatu sakafuni. Za kwanza zilikuwa za jina kubwa na bei kali. Za mwisho zilikuwa rahisi sana, na meno yake yalichongoka kama mikuki. Mkono wa Merv ulienda moja kwa moja kwenye zile za mikuki. Halafu akaurudisha mfukoni.

"Zina sura kali," akasema kwa sauti ndogo.

"Sura haifungi breki," nikamwambia. Nikafungua gazeti la chama cha madereva. Wao hununua tairi kwa pesa zao, kisha huzijaribu kwenye lami iliyolowa. "Hizi za kati zinasimama mita mbili tu baada ya zile ghali. Bei yake ni pungufu kwa theluthi. Zile rahisi zinapitiliza mita tisa zaidi ya hizi za kati. Tena zinaisha upesi, utarudi kununua nyingine."

"Mita tisa ni kiasi gani?" Tegan akauliza.

Merv ndiye aliyejibu. "Ni kutoka katikati ya kona mpaka kwenye mti. Nilipima."

Hapo Tegan alimshika baba yake mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi tisa.

"Nipe za kati," akasema. "Lakini nifundishe. Nisije nikadanganywa siku nyingine."

Nikampeleka kwenye Falcon, nikafungua mlango wa dereva. Pale kuna kibandiko. Kinaonyesha ukubwa wa tairi na kiasi cha upepo. Kinaonyesha pia namba ya uzito ambao tairi linabeba, na herufi ya spidi linayoweza kuhimili. "Usishuke chini ya namba hii wala herufi hii," nikamwambia, "hata ukipewa bure."

"Na nikiwa na pesa ya mbili tu?"

"Mbili mpya zinakaa nyuma."

"Nyuma? Si mbele kwenye usukani?"

"Mbele ikiteleza unapunguza mwendo, gari linarudi. Nyuma ikiteleza kwenye mvua, gari linazunguka kama mbwa anayefukuza mkia. Lakini leo weka nne, za aina moja. Na upepo upime asubuhi, kabla gari halijatembea."

Merv hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amepiga magoti, anasoma tarehe za tairi mpya. Alisoma moja baada ya nyingine, zote nne, kisha akarudia.

Likabaki lile jambo la Jeanette, la jina baya la Corey. Huku kwetu kijana mpenda magari akifa, rafiki zake humkumbuka kwa kuchoma tairi. Gari linasimama pale pale, breki ya mbele imefungwa, magurudumu ya nyuma yanazunguka mpaka moshi unafunika kila kitu na mpira unapasuka. Barabarani polisi watalikamata gari, kwa hiyo hufanywa kwenye uwanja wa mashindano, na wazima moto wakiwa tayari.

Mwaka ulipotimia, rafiki zake Corey walikusanyika huko. Merv alifika na trela. Ndani yake kulikuwa na zile tairi nne, bado na ndevu zake.

Aliomba kipaza sauti.

"Kanisani niliwaambia mwanangu aliuawa na spidi," akasema. "Nilikosea. Corey alikuwa kwenye sitini. Tairi alizokuwa nazo zilikuwa na miaka karibu kumi na moja. Mimi ndiye niliyezinunua. Nilijisifu kwa ajili ya bei. Kama mna tairi bandani, nendeni leo mkasome tarehe."

Kijana mmoja alivua kofia. Kisha wakafunga zile tairi, mbili mbili, kwenye gari la rafiki mkubwa wa Corey, wakazichoma. Moshi ulikuwa mweupe na mzito. Kila tairi lilipopasuka, Jeanette alishtuka. Merv alisimama mpaka la nne likapasuka. Alilia kwa sauti, mbele ya watu wote, na mimi nililia kando yake.

Mwezi wa tatu mvua ilirudi. Siku moja saa tisa alasiri Tegan alikuwa anashuka mlima akitoka kazini. Kwenye kona ile ile, tawi kubwa la mkaratusi lilikuwa limeanguka na kuziba njia. Alifunga breki. Gari lilisimama hatua tatu kabla ya tawi. Akashuka mvuani, akasaidiana na madereva wengine kulisogeza.

Alifika nyumbani amelowa. Mimi nilikuwa jikoni kwao. Alitueleza yote akiwa amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika. Kisha akamtazama baba yake.

"Nilikuwa kwenye sitini, Baba."

"Nakuamini," Merv akasema. Akavuta kiti cha Corey, ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia tangu msiba, akamwambia akae.