Bibi Mlangoni

Gauni la zambarau lilishikwa na watu wawili kwa wakati mmoja, katikati ya msongamano wa soko la nguo kuukuu.

"Kaka, liachie. Mkeo hatalipenda," alisema binti mwenye sketi ya kijivu, pini zimepangwa kwenye ukosi wa blauzi yake.

"Sina mke, dada. Nitalivaa mwenyewe."

Binti alicheka hata akaliachia. Ndipo alipomtambua: mchekeshaji wa televisheni, yule aigizaye mashangazi na wakwe. Binti mwenyewe alikuwa mshonaji. Haukupita muda akawa anamshonea mavazi yote ya mchezo, na mchekeshaji akawa mgeni wa kila Jumapili nyumbani kwa mama wa binti.

Mama huyo alikuwa na mazoea yake. Aulizwapo lolote, hukunja ncha ya mtandio mara mbili, akatazama mlango, ndipo ajibu. Mumewe alitoka kupitia mlango huo zamani, asirudi.

Mchekeshaji huokota watu kwa macho; ndiyo kazi yake. Akamwokota na mama huyu. Mhusika wake mpya, Bibi Mlangoni, alipendwa mno hata akapewa kipindi chake peke yake. Mshonaji, aliyelishona vazi bila kujua ni la nani, alikuwa ameyaona mazoea ya mama yake yakichekwa studio siku ya kwanza ya kurekodi. Aliondoka bila kuaga.

Simu yake iliita sana kabla hajapokea.

"Mpenzi, ni mzaha tu. Watu wanampenda!"

"Wanampenda nani? Mama ameutazama mzaha wako. Njoo umwone."

Alikwenda.

"Shikamoo, mama. U mzima?"

"Marahaba. Mzima." Mama alijibu papo hapo, macho sakafuni. Mikono yake alikuwa ameikalia.



Kesho yake mchekeshaji alimwambia mkuu wa vipindi kwamba Bibi Mlangoni hatamwigiza tena.

"Una wazimu? Ndiye anayekulisha!"

"Si wangu, bosi."

Akashushwa hadi kuigiza walevi na walinzi, dakika mbili mbili.

Ilipita miezi. Jumapili moja mshonaji alimuuliza mama yake, "Yule mtu anataka kunioa. Nimjibu nini?"

Mikono ya mama ilijitokeza polepole. Ikakunja ncha ya mtandio; ikaikunja tena. Akatazama mlango. Safari hii palisimama mtu, kofia mkononi, hathubutu hata kutabasamu.

"Mwambie aingie," alisema mama. "Chai inapoa."