Tanuri la Kijiji Chetu

Haya yalimpata rafiki yangu Irmtraud, kijijini kwetu kando ya mto Werra, Ujerumani. Sherehe ya kijiji kutimiza miaka mia saba ilikaribia, naye akaombwa asafishe tanuri la mikate la wote, lililozibwa kwa matofali tangu Vita vya Pili vya Dunia.

"Ukikuta mkate wa bibi yangu, niwekee," jirani yake Gundolf alimtania huku akibomoa.

Tofali la kwanza lilipotoka, uvundo wa maziwa yaliyooza uliwapiga usoni. Ndani ya giza, kitu kilikuwa kinatafuna polepole.

"Panya tu hao," Gundolf alisema, akirudi nyuma.

Irmtraud aliingiza mkono hadi begani. Kutafuna kukakoma. Akatoa donge la unga uliokandwa, lenye joto, likichuruzika mate. Akalipasua. Ndani ya donge lilikuwa limenasa jino la mtu, na mzizi wake ulikuwa bado ukivuja damu.