Spika ya Kushoto

Rafiki yangu fundi redio si mtu wa kuamini mizimu. Anachokiogopa ni shoti ya umeme tu. Mchana mmoja aliitwa na mama mjane aliyelalamika kwamba spika ya kushoto, katika chumba cha muziki cha marehemu mumewe, ilikuwa ikihema. Mwanawe, afisa wa vibali ambaye nadhani hata chafya huiombea kibali, alikuwa ameshaamua: fundi asipoona hitilafu, basi mama ndiye mgonjwa, na atahamishwa nyumba hiyo.

"Mwanangu, nitafutie ubovu, hata wa kusingizia," mama alimnong'oneza fundi.

Ubovu ulikuwepo. Amplifaya ilikuwa kubwa mno kwa zile spika, ikizisukumia mvumo usiokwisha.

"Mama, hapa mtoto wa chekechea kabebeshwa gunia la simenti!" fundi alicheka.

Mama naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

Ili kuthibitisha, fundi alizima umeme, akachomoa nyaya za spika zote mbili, akafunga mlango na mapazia mazito. Kuta zilikuwa zimevikwa sponji, hata kelele za barabarani hazikuingia. Wakasikiliza gizani. Kimya.

Halafu ikahema.

Fundi alipapasa, akaweka kiganja kwenye spika ya kushoto. Karatasi ya uso wake, ile inayotetema kutoa sauti, ilipanda, ikashuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Imepona, mwanangu?" mama aliuliza.

Chini ya kiganja, karatasi ilisimama katikati ya kupanda, kama mtu aliyebana pumzi ili asikie jibu.